Bwana Samaki Aliyepita Njia ya Juu

Njia ya kutoka ofisi ya kijiji kwenda mwaloni kwetu ni fupi. Inashuka moja kwa moja katikati ya migomba, inapita mbele ya mgahawa wangu na kuishia ziwani, kwenye mitumbwi ya wavuvi. Bwana Samaki aliipita njia hiyo miaka ya mwanzo tu. Baadaye akawa anazunguka njia ya juu, ile ya kanisani, ingawa yeye ni Mwislamu na hakuwa na shughuli yoyote kanisani. Ukimuuliza alisema ananyoosha miguu. Wote tulijua kwamba anakwepa macho ya watu, na sisi kwa upande wetu tulikwepa kumwambia kwamba tunajua.

Hilo si jina lake, ni jina la kazi. Huku kwetu Karagwe, na hata wenzetu wa Kyerwa, afisa uvuvi yeyote huitwa bwana samaki, kama vile mtaalamu wa kilimo anavyoitwa bwana shamba. Waliomtangulia waliitwa hivyo, na aliyepo sasa anaitwa hivyo hivyo. Lakini mtu wa mwalo wetu akisema Bwana Samaki bila kuongeza neno lingine, anamsema yeye.

Alitoka upande wa Tanga, na alikuja na Kiswahili kilichopigwa pasi kama mashati yake. Sisi nyumbani tunaongea Kinyambo, Kiswahili tunakiongea tunavyojaliwa. Siku za mwanzo nilimwambia kwamba naamkaga alfajiri kuwasha moto. Akaniambia hakuna neno naamkaga, niseme huamka. Nikamuuliza huamka nani, maana sikumsikia mtu ndani ya neno hilo. Alicheka mpaka chai ikammwagikia. Miaka ilivyokwenda nikamsikia yeye mwenyewe akiwaambia wavuvi kwamba kiangazi maji yanapungukaga. Sikumsahihisha.

Ni yeye aliyenifundisha kupika samaki wetu wa ngege kwa nazi. Nazi zilimfikia kwa basi, zimefungwa kwenye kiroba, na wateja wangu wa kwanza walilalamika kwamba mchuzi unanuka mafuta ya nywele. Aliwaambia waonje kwanza ndipo wamtukane. Wakaonja. Mpaka leo wapo wanaoniuliza nazi inakuja lini.

Alikuwa na tabia ya kuwasema samaki kama wanakijiji. Ngege jike, anayebeba watoto wake mdomoni wakiwa wachanga, alimwita mama mlezi. Kambare alimwita mzururaji, na kamongo, anayejichimbia topeni kiangazi, alimwita mzee aliyechoka na maneno ya watu. Aliwapenda kweli. Nalisema hili kwanza kwa sababu mengine nitakayosimulia yanaweza kumfanya mtu afikiri hakuwapenda.

Ukali wake tuliujua mapema. Baba mkwe wangu alikuwa na kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini mpaka nchi kavu, unaozoa kila kitu pamoja na vifaranga wa samaki. Lilikuwa limekatazwa na kila mtu alilijua hilo. Asubuhi moja Bwana Samaki alikuja na mgambo, akalikamata, akalianika mpaka likakauka, kisha akaitisha mkutano mwaloni. Walikuja watu wazima, wakaja na watoto wa shule. Akalimwagia mafuta ya taa, akamkabidhi baba mkwe kiberiti na kumwambia awashe mwenyewe, iwe fundisho kwa wengine.

Mzee yule ndiye aliyewafundisha wanaume wengi wa pale kushika kasia. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Bwana Samaki alisubiri, mikono nyuma. Njiti ya pili ikawaka. Wajukuu, watoto wangu wakiwemo, walikuwa wamesimama mstari wa mbele, na nailoni inapoungua hutoa moshi mweusi unaokaba koo. Baba mkwe alirudi nyumbani kwa kupitia nyuma ya kibanja chake, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, akalala bila kula, na kwa miaka mingi hakukanyaga tena mwaloni.

Tangu siku hiyo, Bwana Samaki alipomwamkia shikamoo, mzee hakuitikia. Hakumtukana wala hakumgeuzia mgongo, alitazama tu migomba yake kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kunyimwa marahaba si jambo dogo. Bwana Samaki aliendelea kumwamkia kila walipokutana, na kila mara shikamoo yake ilibaki hewani.

Baada ya nyavu haramu kuisha, vijana wengi walibaki bila kazi, na hapo ndipo alipoleta wazo lililomjengea jina. Ziwa letu ni dogo. Lilikuwa limezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu, mazito hata mtumbwi ulipita kwa shida, na humo walilala viboko. Bwana Samaki alisema ardhi ile ina rutuba na inakaa bure. Tufyeke mafunjo, tuchimbe mitaro, tulime bustani ukingoni, na ziwa tuliache lipumzike. Funjo la kwanza alilifyeka yeye, amevaa buti za mpira, huku watu wakipiga makofi.

Bustani zilikubali. Kabichi zetu, nyanya na vitunguu vilikwenda masoko ya Omurushaka na Kayanga vikiwa vimefungwa nyuma ya pikipiki. Mgahawa wangu uliacha kuezekwa kwa nyasi ukapata bati. Walikuja wageni kutoka wilaya nyingine kujifunza, wakapiga picha, na Bwana Samaki akapewa cheti na wakubwa wake. Wakati huo alipita njia ya mwalo kifua mbele kama bwana harusi.

Kisha samaki wakaanza kupungua, na safari hiyo hapakuwa na kokoro la kulaumu. Mume wangu alikuwa akienda na nyavu za matundu halali, anarudi na ngege wachache wembamba ambao ningeona aibu kuwaweka mbele ya mteja. Bwana Samaki alishuku wizi. Aliwavizia wavuvi alfajiri, akapima matundu ya nyavu zao, akakuta yako sawa, akaondoka amenuna. Mvua zilipokuja, maji ya mitaro yalishusha udongo wa milimani, na ziwa likawa na rangi ya chai ya maziwa. Viboko, waliokosa pa kulala, wakaanza kupanda mpaka kwenye vibanja na kukanyaga maharage.

Watu walimpelekea malalamiko. Kuhusu viboko alisema si idara yake, waende kwa watu wa wanyamapori. Kuhusu udongo akasema hilo ni la bwana shamba. Yeye kazi yake ilikuwa samaki, na samaki kwake wakati ule walimaanisha nyavu.

Kilichombadilisha ni msiba. Mama yake alifariki, akasafiri kwenda kuzika. Siku aliyorudi ilikuwa ya mvua kubwa. Hakupitia nyumbani kwake. Aliteremka na begi lake mpaka kwangu, amelowa, akaketi kwenye benchi linalotazama ziwa. Nikampa pole ya msiba na kikombe cha chai. Hakukigusa. Alikuwa akitazama maji mekundu yakitoka kwenye mtaro wa bustani na kuingia ziwani.

Baada ya muda akaanza kunisimulia habari za kwao. Alisema mama yake aliwalea kwa kuokota kaa na kukamata uduvi kwenye mikoko, ile miti inayoota kwenye tope la bahari. Watu wazima wa kwao walijua kwamba samaki wa bahari kuu huja kulelewa mle ndani ya mizizi wakiwa wadogo. Kisha baba zake wadogo wakaikata mikoko ili watengeneze mashamba ya chumvi. Chumvi ikapatikana, uduvi wakatoweka, na baada ya uduvi wakatoweka samaki. Mama yake alilia kwa ajili ya ile miti kuliko alivyolia kwenye misiba mingine. Sasa, alipokwenda kumzika, alipita kwenye visiki vya miti hiyo.

"Mama Jeni," akasema, "hapa ndipo walipokuwa wakizaliwa."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani bado anaongelea kwao. Akanyoosha mkono kwenye safu za kabichi.

"Hapa. Nililijua hili tangu utoto wangu. Nikadhani mafunjo ni majani tu."

Nilifikiri kesho yake angeitisha mkutano na kulisema. Hakuitisha. Alikaa na neno lile tumboni msimu mzima wa mvua, na hapo ndipo alipoanza kupita njia ya juu. Watu husema aibu humfanya mtu kuwa mpole. Yeye ilimfanya mkorofi. Alifoka ofisini, alifoka msikitini, alimfokea mkewe mbele ya majirani. Siku moja aliingia kwenye bustani ya mjane mmoja wa kitongoji chetu, mama mwenye watoto wanne asiye na bustani nyingine, akaanza kung'oa kabichi kwa mikono yake akisema ziwa limejaa tope kwa sababu ya watu kama yeye. Yule mama alisimama tu na jembe. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama si yeye mwenyewe aliyempimia kiwanja kile.

Bwana Samaki aliacha kung'oa. Alitoka bustanini akiwa bado ameshika kabichi moja, akapanda nayo mlimani mpaka nyumbani kwake. Asubuhi yake majirani walimkuta kwenye kibanja cha yule mjane, juu kabisa, anachimba matuta ya kuzuia maji ili mama yule apate pa kupanda mboga mbali na ziwa. Alichimba peke yake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakumwomba radhi kwa maneno, na mjane hakumletea maji ya kunywa. Nakumbuka nilipita na ndoo yangu kichwani na sikujua nimwamkie au nipite kimya.

Ukweli ulitoka kwa namna ambayo hakuipanga. Walikuja tena wageni kujifunza habari za bustani zetu, na safari hiyo waliongozwa na mkubwa wake wa kazi. Mimi nilikuwa nawapikia. Bwana Samaki aliwapeleka ukingoni, akasimama na kuanza kueleza kama alivyokuwa ameeleza mara nyingi. Katikati ya sentensi akanyamaza. Kisha akawaambia kwamba wasiige. Aliwaambia ziwa haliishii pale maji yanapoishia. Linaanza kule juu kwenye kahawa na migomba, linashuka na udongo, linapita kwenye mafunjo yanayochuja tope na kulea samaki wachanga, linalisha ndege, linawalaza viboko, ndipo linakuja kwenye wavu wa mvuvi. Alisema yeye alikuwa amesimamia mwisho wa safari hiyo na kuharibu katikati yake. Akasema waandike kwamba ameharibu yeye, si wanakijiji.

Mkubwa wake alicheka kidogo, akasema ndugu yetu amechoka. Wageni walitazama viatu vyao. Chakula changu kilipoa kwenye masufuria kwa sababu hakuna aliyejua nani atangulie kunawa. Baadaye tulisikia kwamba nafasi ya kupanda cheo aliyokuwa ameahidiwa alipewa mwingine, na mpaka anastaafu alibaki na cheo kile kile.

Mkutano wa kijiji ulifuata, na ulikuwa mbaya. Aliomba turudishe ukingo kwa mafunjo, upana ambao tungekubaliana wenyewe, na bustani zipande juu kwenye matuta. Aliomba pia mafunjo yakirudi watu wasivue humo wakati ngege wanalea. Mwanamume mmoja alisimama akasema mtu huyu alituchomea nyavu akatuambia tulime, tumelima anatuambia tung'oe, kesho atatuambia tusipumue. Watu walicheka kile kicheko kisicho na furaha. Mwingine akamtaka atuoneshe buti zake za mpira. Bwana Samaki alisimama mbele yetu ameinamisha kichwa, na kwa kila alilosemwa aliitikia ndiyo. Mimi nina bati juu ya kichwa changu lililotokana na kabichi zile. Nilikaa kimya na mtandio wangu nimeuvuta usoni. Niliona haya kwa ajili yake, na niliona haya kwamba nilitaka aendelee kusulubiwa kidogo, kwa sababu ya kiberiti kile. Mkutano ulivunjika bila uamuzi.

Jioni ile alikuja nyumbani kwa baba mkwe. Nilikuwa uani namenya ndizi. Alisimama nje ya ua, akasema shikamoo. Mzee akatazama migomba. Bwana Samaki hakuondoka kama siku nyingine. Alivua kofia akaanza kueleza habari ya mafunjo, kwamba samaki hawakuisha kwa kokoro peke yake, kwamba yeye ndiye aliyefanya kubwa zaidi, na kwamba wavu wa mzee uliungua bure.

Mzee alimkatiza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile.

"Haukuungua bure," akasema. "Kokoro lilikuwa baya. Nilikuwa nawaona vifaranga mle ndani na nikawamwaga mchangani. Kwenye wavu hukukosea."

Nadhani Bwana Samaki alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Ulikosea kunipa kiberiti," mzee akasema. "Ungewasha wewe, ningekukasirikia mwezi mmoja, nikanunua wavu mwingine. Uliniwashisha mimi, na wajukuu wangu wanatazama."

Bwana Samaki alipiga magoti pale pale kwenye majani makavu ya migomba, mtu mzima mwenye suruali ya kitambaa, na hakusema samahani. Alianza tena mwanzo kabisa, kama anayefika sasa hivi.

"Shikamoo, mzee."

Ndege walikuwa wanarudi kwenye miti.

"Marahaba," mzee akasema, na akaniambia nimletee mgeni kiti.

Sitaki mtu adhani kijiji kizima kilifuata kwa sababu ya marahaba moja. Lakini mkutano uliofuata baba mkwe alishuka mwaloni, akiwa amefuatana na fimbo yake, na watu walipomwona amekaa benchi moja na Bwana Samaki, wakapunguza maneno. Alisema kwa Kinyambo, kwa ufupi, kwamba mtu aliyewapoteza njia na akarudi kuwaambia ni heri kuliko yule anayeendelea kutembea. Wengi walikubali kuachia ukingo. Wachache waligoma, na wengine wawili watatu wanalima mpaka leo kwa kujificha. Mjane alikuwa wa kwanza kuachia, kwa kuwa alikuwa na matuta tayari. Sisi pia tuliachia, na nilinuna mwaka mzima.

Mafunjo hayahitaji kubembelezwa. Ukiyaachia maji yanarudi yenyewe, kwanza machache kama nywele za mtoto, kisha yanafunga. Bwana Samaki alikuja kuyatazama karibu kila siku, lakini kwa njia ya juu, anasimama mbali, kofia mikononi. Watu walikuwa wameanza kumsalimu vizuri. Nilimwambia apite kwangu anywe chai kama zamani. Alishukuru, akasema atapita. Hakupita. Alistaafu mafunjo yakiwa bado hayajafika kiunoni, akahamia Nkwenda, Kyerwa, ambako mkewe alikuwa amefungua duka la viungo na vitambaa. Aliondoka siku ya shule, mchana, watu wakiwa mashambani.

Mwaka huu nilikwenda Nkwenda siku ya gulio, na kambare wa moshi wa kuuza. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza cha duka, amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Nilimwamkia. Alinitambua kwa sauti kabla hajanitambua kwa sura. Akaagiza chai, akauliza habari za watoto, akauliza na za mzee. Nilimwambia mzee yupo, macho yamepungua lakini anakula. Mambo ya ziwa hakuyauliza. Niliona anazungukazunguka, anauliza bei ya kahawa, anauliza barabara, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia mwenyewe. Nikasema tope limetulia, maji yamekuwa meusi tena badala ya mekundu. Viboko wamerudi mahali pao, angalau wengi. Ngege hatuwezi kusema ni wa zamani, ila mume wangu anarudi na wenye mwili, na wachanga wanaonekana makundi makundi pembeni.

Alisikiliza akiwa ametazama chini, kama mtu anayesomewa hukumu.

Nikamwambia na lile nililokuwa sijui kama nimwambie. Kwamba ule ukingo una jina sasa. Watoto wakitumwa kuni wanaambiwa wasipite Mafunjo ya Bwana Samaki. Wavuvi wakielekezana wanasema kunja kushoto ukifika Mafunjo ya Bwana Samaki.

Uso wake ulibadilika, niliona damu ikipanda mpaka masikioni, mzee wa umri ule. Aliniomba niwaambie walibadilishe jina. Nikamwambia haiwezekani, wapo watoto wanaoongea sasa ambao wamelikuta tayari.

Mteja akaja kununua iliki, yeye akamhudumia, akarudi kuketi.

"Wanalisema kwa kejeli," akauliza, "au kwa heshima?"

Ningeweza kumdanganya kidogo, alikuwa amepitia mengi. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na kwa miaka mingi hakuwa amemtazama usoni mtu wa mwaloni.

"Inategemea," nikasema. "Yule anayerudi na samaki analisema vizuri. Yule aliyepoteza bustani yake analisema vingine. Siku nyingine ni mtu yule yule."

Alianza kusukuma kwa vidole punje za iliki zilizomwagika juu ya meza.

"Basi waache," akasema. "Waite watakavyo, ilmradi wasilime."